Dhahabu ya Migori, pesa za Nairobi na bangili za mama

Dada yangu ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanane mtaani kwetu Mji wa Kale, Mombasa. Jioni moja ya Oktoba 2025 alinipigia simu kwa haraka. Mwanawe, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Migori, alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti. Dhahabu imevuka dola 4,000 kwa wakia moja. Machimboni inapatikana kwa bei nafuu kuliko kwa sonara wa Mombasa. Na itazidi kupanda, kwa sababu serikali za dunia zinachapa pesa bila kukoma. Akina mama wanaiweka benki akiba yao ya nini? Wamtumie yeye, anunue, kisha wauze kwa faida.

Akiba yenyewe ni ya mwaka mzima. Hugawanywa wiki ya mwisho ya Desemba, na kila shilingi ina kazi yake inayoisubiri: karo ya Januari, sare za shule, kodi ya nyumba. Lakini wenzake walishausikiliza ule ujumbe, na nusu yao walikuwa wamekubali.

"Kaka, wewe umekaa kule miaka," dada aliniambia. "Nenda ukaone, kisha uniambie niwajibu nini."

Ni kweli, nilifundisha Homa Bay miaka ya 90, na barabara ya kwenda Migori naijua. Nikaenda. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomjibu dada, kwa kuwa najua swali lake linaulizwa katika vyama vingi hapa Pwani.

Mizani ya Macalder

Macalder iko Nyatike, kaunti ya Migori. Wakati wa ukoloni palikuwa na mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu, ukafungwa miaka ya 60. Leo wanaochimba ni wananchi wenyewe. Wanaume hushuka mashimoni, mawe hupelekwa kwenye mashine za kusaga, na akina mama huosha unga wake kwenye karai, wengi wao wakishika zebaki kwa mikono mitupu.

Nilimtazama mama mmoja akiuza. Alikuwa na kijidonge kidogo kuliko punje ya mtama. Mnunuzi alikiweka kwenye mizani yake ndogo, akaangalia bei ya dunia kwenye simu, kisha akataja hesabu. Kule hupima kwa pointi, na pointi moja ni sehemu ya kumi ya gramu. Nilipiga hesabu pembeni. Wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Kwa dola 4,000 kwa wakia, na dola moja kwa shilingi 129, gramu ya dhahabu safi ni kama shilingi 16,600, na pointi ni kama 1,660. Yule mama alipata pungufu ya hapo. Dhahabu yake haikuwa safi, mizani ilikuwa ya mnunuzi, na pesa za kusagia mawe alikuwa amekopeshwa na mnunuzi huyohuyo. Kwa hiyo ule unafuu anaousema mpwa wangu upo, ila kuna aliyeulipia.

Tarehe 21 Oktoba nikiwa bado huko, bei ya dunia ilianguka kwa zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja. Kesho yake mnunuzi yuleyule alikuwa ameshapunguza bei kabla chai ya asubuhi haijapoa.

Nikamuuliza mpwa wangu: "Jana Marekani wamechoma pesa ngapi?"

Akacheka. "Hakuna pesa iliyochomwa, mjomba."

Basi kama wingi wa pesa ndio unaopandisha dhahabu, kitu gani kiliishusha siku ile, na pesa ziko palepale?

Hoja ya mpwa wangu, na ukweli uliomo

Tumpe haki yake kwanza, kwa sababu hakusema uongo.

Pesa haziongezwi kwa mashine ya kuchapa noti peke yake. Benki ikikukopesha shilingi 100,000, huandika tarakimu hizo kwenye akaunti yako, na hapo pesa mpya imezaliwa. Ukilipa deni, pesa hiyo hufutika. Benki Kuu huongeza au hubana kwa kupanga riba na kwa kununua au kuuza hati za deni la serikali. M-Pesa haizalishi pesa, hiyo huzisafirisha tu, kwani kila shilingi iliyo kwenye simu yako ina mwenzake aliyewekwa benki.

Dhahabu haizaliwi kwa kalamu. Yote iliyowahi kuchimbwa duniani ni zaidi ya tani 210,000 kidogo, na migodi huongeza kama tani 3,600 kwa mwaka. Hiyo haifiki asilimia 2. Pesa zikiongezeka kwa asilimia 7 au 10 kila mwaka, na dhahabu kwa chini ya 2, ni wazi kwamba muda ukiwa mrefu wa kutosha, zitahitajika pesa nyingi zaidi kununua gramu ileile.

Historia inamuunga mkono. Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifunga pauni yake na dhahabu. Bei ya wakia moja, iliyokuwa takriban shilingi 85, ikapita 110 mwaka uliofuata. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imefungwa na pauni, kwa hiyo bei ilipanda hapa pia. Ndio wakati watu walipomiminika Kakamega kutafuta dhahabu. Kisha tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon wa Marekani alisimamisha ahadi ya kuzipa serikali nyingine dhahabu kwa dola 35 kwa wakia. Tangu hapo hakuna pesa kubwa duniani iliyofungwa na dhahabu. Mwaka ule dola zote, za mkononi na za akaunti za benki, zilikuwa chini ya trilioni moja. Leo zimepita trilioni 21. Na dhahabu iliyokuwa dola 35 imepita 4,000.

Hadi hapo, mpwa wangu ameshinda.

Bangili za mama

Sasa nimlete shahidi mwingine. Mwanzoni mwa 1980 baba alistaafu kazi bandarini, akampa mama sehemu ya kiinua mgongo. Mji mzima ulikuwa ukizungumza dhahabu, maana Januari ile ilifika dola 850 kwa wakia. Watu walisema maneno yaleyale tunayoyasikia leo: pesa zinachapwa, dhahabu haishuki. Mama akanunua bangili sita. Dola ilikuwa shilingi saba na senti, kwa hiyo gramu ya dhahabu safi ilikuwa kama shilingi 200, mbali na ujira wa sonara.

Mwaka 2000 mdogo wetu alipata nafasi ya chuo kikuu. Mama akauza bangili tano. Bei ya dunia ilikuwa karibu dola 280 kwa wakia, na dola ilikuwa shilingi 76 hivi. Gramu ikawa chini kidogo ya shilingi 700. Kwa macho ya haraka mama alipata faida, maana shilingi zake ziliongezeka zaidi ya mara tatu. Lakini katika miaka ile 20 unga, nauli na karo vilikuwa vimepanda mara nyingi kuliko hizo tatu. Bangili tano hazikumaliza hata karo ya mwaka wa pili.

Na je, dola zilipungua katika miaka hiyo? Hata kidogo. Mwaka 1980 zilikuwa kama trilioni moja na nusu, na mwaka 2000 zilikaribia trilioni tano. Pesa ziliongezeka zaidi ya mara tatu, na dhahabu kwa dola ikashuka hadi theluthi moja. Bei ile ya Januari 1980 haikuonekana tena hadi Januari 2008. Ni miaka 28. Mama hakuifikia. Alifariki 2004.

Mfano wa karibuni ni ule wa korona. Kati ya Februari 2020 na mwanzo wa 2022, dola zilitoka trilioni 15 na kitu hadi zaidi ya 21. Dhahabu ilivuka 2,000 Agosti 2020, kisha kufikia mwisho wa 2021 ikawa imerudi karibu na 1,800, na dola bado zinamiminika. Mwaka 2023 dola zikapungua, jambo ambalo ni nadra sana, na dhahabu ikafunga mwaka juu ya 2,000. Ilikwenda kinyume kabisa na hoja ya mpwa wangu.

Kinachokaa katikati

Wingi wa pesa ni kama maji ya kupwa na kujaa. Huinua majahazi yote kwa kadiri, lakini hausemi jahazi lako litakuwa wapi saa nane mchana. Kuna mambo mengine yanayoamua hilo.

La kwanza ni riba. Dhahabu haizai. Ukiiweka kabatini miaka kumi, utaikuta gramu zilezile. Kwa hiyo mwenye pesa hujiuliza: nikiziweka benki au nikiikopesha serikali, nitapata zaidi ya kupanda kwa bei za vitu? Akipata, huiacha dhahabu. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mama kununua. Benki Kuu ya Marekani chini ya Paul Volcker ilipandisha riba hadi kukaribia asilimia 20, na waliokimbilia dhahabu wakaitupa. Riba ikishindwa na mfumuko wa bei, watu huirudia.

La pili ni imani. Februari 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, nchi za Magharibi zilifungia akiba ya Urusi ya takriban dola bilioni 300. Benki kuu nyingine zikaona kwamba akiba iliyo kwenye daftari la mtu mwingine inaweza kufungwa. Mwaka 2022, 2023 na 2024 benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 kila mwaka. Majirani zetu wamo katika mkondo huo. Tanzania imewataka wachimbaji na wafanyabiashara watenge asilimia 20 ya dhahabu yao iuzwe nchini, Benki Kuu yao ikiwa mnunuzi, na Uganda nayo ilitangaza mpango wa kununua ya kwake. Enzi za mama kuuza, mambo yalikuwa kinyume: kati ya 1999 na 2002 Uingereza iliuza karibu tani 400 za akiba yake.

La tatu ndilo linalotugusa zaidi, nalo ni shilingi yetu. Sisi hatununui dhahabu kwa dola. Mwisho wa Januari 2024 wakia ilikuwa kama dola 2,040 na dola ilikuwa karibu shilingi 160, hivyo gramu ilikuwa kama 10,500. Miezi miwili baadaye dhahabu ilikuwa imepanda hadi dola 2,200 na zaidi, lakini dola ilikuwa imeshuka hadi 132 hivi. Gramu ikawa kama 9,400. Aliyenunua Januari kwa sababu ameona habari kwamba dhahabu inapanda, alikuwa sahihi kuhusu dunia, na bado akapata hasara Mombasa.

Dhahabu isiyokuwepo

Kuna mara moja ambapo wingi wa pesa za Kenya yenyewe ulipandisha bei ya dhahabu mbele ya macho yangu. Cha ajabu, ulianzia kwenye dhahabu.

Mwaka 1990 serikali iliipa kampuni ya Goldenberg International haki ya peke yake ya kusafirisha dhahabu na almasi nje, ikaahidiwa fidia ya asilimia 35 juu ya kile itakacholeta. Kenya haina machimbo ya almasi, na dhahabu ya akina Migori ilikuwa kidogo. Tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyokabidhi ripoti yake mwaka 2006, ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya usafirishaji uliodaiwa ulikuwa wa karatasi tu. Lakini fidia ililipwa kwa shilingi za kweli. Juu yake ukaja uchaguzi wa 1992, na pesa zikamwagwa hadi noti ya 500 ikapewa jina la utani la mwanasiasa, "Jirongo".

Mimi nilikuwa darasani Homa Bay. Mshahara wangu ulikuja tarehe ileile na kwa tarakimu zilezile, lakini kila mwezi kikapu kilirudi chepesi zaidi kutoka sokoni. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulifika takriban asilimia 46. Dola iliyokuwa chini ya shilingi 30 mwaka 1991 ikapita 65 kabla ya 1993 kwisha. Duniani dhahabu ilikuwa haijafanya lolote kubwa; ilitoka dola 360 hivi hadi karibu 390. Lakini kwa shilingi, gramu ilitoka kama 320 hadi zaidi ya 800. Kwa hiyo dhahabu ambayo haikuwahi kuchimbwa ilizaa pesa, na pesa hizo zikapandisha bei ya dhahabu iliyokuwepo.

Aliyesaidia kuufichua mchezo huo alikuwa David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu, aliyetoa nakala za hati zikafika bungeni. Alikamatwa, akapoteza kazi, akaja kuishi hapahapa Mombasa. Alifariki 2006. Wengi waliokutana naye mitaani hawakujua ni nani.

Nayasema haya ili tuone kwamba kuna vishikio viwili. Wingi wa dola hugusa bei ya dunia. Wingi wa shilingi hugusa bei yetu kupitia thamani ya shilingi. Mpwa wangu alikuwa akitazama kimoja tu.

Gorogoro za omena

Nikirudi, nililala Homa Bay kwa jirani yangu wa zamani. Ni mama wa makamo anayenunua omena ufukoni na kuwapelekea wachimbaji wa Migori. Wachimbaji wasipokuwa na pesa taslimu, huwahi kumlipa kwa pointi. Nikamuuliza huwa anajuaje kama dhahabu iko juu.

"Mwalimu, mimi sihesabu shilingi," alisema. "Nauliza pointi moja inanunua gorogoro ngapi za omena. Ikinunua nyingi kuliko mwaka jana, nauza. Ikinunua chache, naifunga kwenye kitambaa nasubiri, kama mtoto hajarudishwa nyumbani kwa karo."

Sijasikia maelezo bora zaidi ya uhusiano wa dhahabu na pesa. Shilingi ni kipimo kinachonyumbuka. Ukipimia dhahabu kwa kipimo kinachonyumbuka, utaiona inarefuka hata siku ambayo imelala. Pimia kwa unga, omena, nauli au karo, ndipo utajua kama kweli imepanda. Kwa kipimo hicho bangili za mama zilishuka, ingawa karatasi ilisema zimepanda mara tatu. Kwa kipimo hichohicho, leo dhahabu iko juu kweli, na ndiyo sababu nyingine ya kwenda polepole: mama naye alinunua ikiwa juu.

Nilivyomjibu dada

Nilimwambia hivi. Pesa ya Desemba isiguse dhahabu. Anayehitaji pesa baada ya miezi miwili hana muda wa kusubiri hata miaka miwili, sembuse 28. Siku moja kama ile ya 21 Oktoba ingekula sare za watoto wote kumi na wanane.

Pili, kununua dhahabu machimboni na kuiuza si biashara ya kitambaa na mkoba. Sheria ya Madini ya 2016 inataka mfanyabiashara awe na leseni. Asiye nayo anahatarisha kila kitu barabarani, na hana pa kushtaki akiuziwa shaba iliyopakwa rangi. Mali bila daftari huisha bila habari, na biashara ile daftari lake liko kwa mwenye mizani.

Tatu, mwenye akiba ya mbali, ya uzeeni au ya mahari ya binti ambaye bado anajifunza kusoma, si mjinga akiweka sehemu yake katika dhahabu. Anunue kwa sonara anayemjua, kwa risiti iliyoandikwa karati na uzito, na akumbuke kwamba ujira wa usonara haurudi siku ya kuuza. Asinunue kwa sababu bei imepanda wiki hii. Anunue kidogo kidogo, kama anayejua kwamba itashuka pia.

Chama kilikutana. Akiba ikabaki benki. Wawili wenye pesa zao za pembeni walikwenda kwa sonara. Mpwa wangu alinuna siku kadhaa, kisha akanitumia ujumbe kuniuliza omena ya Homa Bay ni shilingi ngapi kwa gorogoro.

Ile bangili ya sita iko kwa dada. Gramu iliyogharimu kama shilingi 200 ilikuwa, Oktoba 2025, imefika zaidi ya mara 80 ya hizo. Nilimuuliza kama ataiuza sasa bei ikiwa hivi. Akasema hapana, ile anaihifadhi kwa sababu ni ya mama.